Gango la Mguu Halilemazi Msuli

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Hata hivyo, wapo wenzetu wengi wanaokwenda pole, tena pole mno, na bado hujikwaa kila uchao. Hao ni watu walionusurika kiharusi. Hawajikwai kwa pupa wala kwa kutotazama mbele. Hujikwaa kwa sababu ncha ya mguu mmoja imekataa kuinuka, nayo hukwaruza sakafu na kunasa katika mkeka, kizingiti ama kijiwe cha njiani. Baadhi yao wamekwisha kupewa kifaa cha kuuzuia mguu huo usining'inie, lakini kifaa chenyewe kimetupwa uvunguni mwa kitanda kwa ajili ya kauli moja iliyoenea na kukita mizizi miongoni mwetu. Kauli yenyewe husema: "Ukivaa hicho kitu, mguu utazoea, msuli utalemaa, na hutatembea tena bila hicho kitu."

Mimi si daktari. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuyachambua maneno, si mifupa. Nimeamua kulizungumzia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kauli hiyo ni sentensi kabla ya kuwa ushauri wa tiba, na sentensi mbovu inaweza kumvunja mtu nyonga sawasawa na utelezi wa bafuni. Pili, kiharusi na taaluma ya lugha ni majirani wa tangu jadi.

Mwanafunzi yeyote wa isimu hukutana na jina la Paul Broca, tabibu wa Ufaransa ambaye mwaka 1861, karibu na Paris, alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Mgonjwa huyo hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan", na upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kuikuta dosari katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Tangu hapo tumejua kwamba, kwa watu walio wengi, upande wa kushoto wa ubongo ndio ubebao lugha. Upande huo huo ndio unaouongoza mguu na mkono wa kulia. Ndiyo maana kiharusi kinachoupiga ubongo wa kushoto aghalabu huondoka na mguu pamoja na ulimi. Matokeo yake ni kwamba mtu anayehitaji mno kuelezwa habari za mguu wake huwa ndiye asiyeweza kuuliza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unaoulisha ubongo unapozibwa au unapopasuka. Sehemu ya ubongo iliyonyimwa damu hufa, na kiungo kilichokuwa kikiongozwa na sehemu hiyo hukosa amri. Si laana, si upepo mbaya, wala si husuda ya jirani. Shinikizo la juu la damu ndilo mchochezi wake mkuu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya wanne waliotimiza umri wa miaka 25 atapatwa na kiharusi wakati mmoja au mwingine wa maisha yake. Kwa hiyo, mwalimu unayesoma makala haya katika chumba cha walimu, watazame wenzako watatu walioketi karibu nawe. Jambo hili si la watu wengine.

Sasa tuutazame mwendo. Mtu mzima anapotembea, kila mguu hukaa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya muda wa hatua, kisha huelea hewani kwa asilimia 40 iliyosalia. Katika muda huo mfupi wa kuelea, msuli ulio mbele ya muundi huuvuta wayo juu ili vidole visiguse chini. Kisigino kinapotua, msuli huo huo huuteremsha wayo polepole, kama mtu anayeshusha mzigo kwa kamba. Baadaye misuli ya shavu la mguu, ile iliyo nyuma, huisukuma ardhi na mwili ukasonga mbele. Kazi hii huigawanya misuli bila sisi kuifikiria, mithili ya wachezaji wa ngoma wanaopokezana mapigo.

Kiharusi huuvuruga utaratibu huo. Msuli wa muundi hudhoofika kwa kukosa amri, ilhali misuli ya shavu la mguu hukakamaa na kuuvuta wayo chini na ndani. Wayo ukawa unaning'inia. Ili asijikwae, mgonjwa huinua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje kana kwamba anafyeka nyasi kwa mundu. Ni mwendo wa taabu, unaomaliza nguvu haraka. Mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa dakika kumi hufika amechoka kama aliyelima ekari nzima.

Hapa ndipo kinapoingia kile kifaa. Aghalabu hutengenezwa kwa plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la mguu wa mgonjwa. Hupita chini ya wayo, hupanda nyuma ya kisigino hadi chini kidogo ya goti, na hufungwa kwa mikanda. Huvaliwa ndani ya kiatu. Vipo pia vya vyuma na ngozi, na vipo vyenye bawaba kwenye kifundo. Kazi yake ya kwanza ni kuushikilia wayo usianguke mtu anapouinua mguu.

Lakini kifaa hiki tukiite nani? Nimesikia kikiitwa "kile kiatu", "kile kiplastiki", "vyuma" na "kile kidude cha hospitali". Kitu kinachoitwa kidude hakiheshimiwi. Na Kiswahili hakikukosa neno. Kitenzi *kuganga* kina maana mbili zilizoshikana: kutibu, na kukifunga kitu kilichovunjika ama kulegea ili kishikamane. Kutokana nacho tumepata mganga, na kutokana nacho tumepata *gango*, yaani kitu kinachofungwa ili kushikilia kiungo au chombo kilicholegea. Kila mtoto wa shule anaijua methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi kifaa hiki na tukiite gango la kifundo cha mguu. Mgonjwa anayeambiwa "vaa gango lako" anaelewa papo hapo kwamba anagangwa.

Turudi kwenye ile kauli. Je, ni kweli kwamba gango huulemaza msuli? Wataalamu wamelichunguza swali hili kwa vyombo vinavyobandikwa kwenye ngozi ili kuunasa umeme mdogo unaotolewa na msuli unapofanya kazi. Msuli ukijitahidi, umeme huongezeka, ukipumzika, hupungua.

Mwaka 1999, Stefan Hesse wa Ujerumani na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la tiba liitwalo *Stroke*. Waliwapima wagonjwa 21 waliokuwa wamepooza upande mmoja, wakiwa wamevaa gango gumu na wakiwa hawajalivaa. Wagonjwa hao ndio kwanza walikuwa wameanza kulitumia. Walipolivaa, mwendo wao uliimarika na kulingana zaidi baina ya mguu na mguu. Umeme wa msuli wa muundi ulipungua. Hata hivyo, umeme wa msuli wa mbele ya paja, katika mguu ule ule uliopooza, uliongezeka.

Msomaji makini atauliza ilikuwaje. Sababu yake haina uchawi. Wayo ukiwa umeshikiliwa, kisigino hutua kwanza, na kwa kuwa kifundo hakiwezi kukunjuka, muundi mzima husukumwa mbele. Goti nalo hutaka kukunjika. Msuli wa paja hulazimika kuamka na kulizuia. Kwa maneno mengine, gango huuondolea msuli mmoja mzigo na kumtwika mwenzake aliyekuwa amelala. Kwa hiyo, anayesema kwamba gango huufanya mguu kuwa mvivu ametazama chini ya goti pekee, akasahau kutazama juu yake.

Hata hivyo, haki na itendeke. Hofu ya watu wetu haikutokana na ujinga. Hesse na wenzake wenyewe walitahadharisha kwamba kupungua kwa kazi ya msuli wa muundi kunaweza, kadiri muda unavyopita, kuukondesha msuli huo na kumfanya mgonjwa alitegemee gango. Walisema kunaweza, hawakusema kumetokea. Isingaliwezekana waseme kumetokea, maadamu wagonjwa wao walikuwa hawajalizoea gango.

Mwalimu wa Kiswahili ataniunga mkono hapa, kwa kuwa hili ni somo lake. Tunapowafundisha wanafunzi nyakati na hali, tunawaeleza kwamba kiambishi *-na-* huonyesha tendo linaloendelea, ilhali *-me-* huonyesha hali iliyokwisha kufikiwa. "Msuli unapumzika" si sawa na "msuli umelemaa". Sentensi ya kwanza inahusu hatua hii ninayoipiga sasa. Ya pili inahusu miezi na miaka. Chombo kilichopima umeme wa msuli kwa siku moja kinaweza kuithibitisha ya kwanza pekee. Mwalimu akimwona mwanafunzi ameketi chini ya mti wakati wa mapumziko, hawezi kuandika katika ripoti ya mwisho wa muhula kwamba mwanafunzi huyo ni mvivu. Lakini hivyo ndivyo tulivyolifanyia gango: tumeitoa sentensi ya *-na-* mahali pake, tukaigeuza kuwa ya *-ta-*, kisha tukaieneza kama unabii.

Ili kuijua kweli, ilihitajika wagonjwa wafuatwe kwa muda. Jambo hilo lilifanyika Uholanzi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019 na Corien Nikamp na wenzake. Wagonjwa waliopatwa na kiharusi muda si mrefu uliopita waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa gango mara moja, na la pili likasubiri wiki nane. Wote walifuatiliwa kwa wiki 26. Kama ilivyokuwa kwa Hesse, msuli wa muundi ulipunguza kazi wakati gango lilipokuwa limevaliwa na mguu ulipokuwa ukielea. Lakini muda ulipopita, hapakuonekana kwamba matumizi ya gango yameidhuru kazi ya msuli huo, wala kwamba waliotangulia kulivaa wamekuwa wabaya kuliko waliochelewa. Utafiti huo ulikuwa mdogo, wa watu 26, na haufungi mjadala wote. Hata hivyo, uliuliza swali lenyewe hasa ambalo sisi hulijibu kwa uvumi, na jibu lake halikuwa lile la uvumi.

Kuhusu faida, ushahidi ni mpana zaidi. Mwaka 2013, Sarah Tyson na Ruth Kent wa Uingereza waliyakusanya majaribio 13 yaliyowahusisha watu 334, wakayapima kwa pamoja. Walibainisha kwamba gango huuboresha mwendo na usawa wa mwili pale linapovaliwa. Isitoshe, mtu anayetembea kwa uthabiti hutembea zaidi, na kutembea kwenyewe ni mazoezi ya moyo, ya mapaja na ya mapafu. Msuli unaolemaa kwa yakini ni wa mtu anayeketi kitini tangu alfajiri hadi usiku kwa kuogopa kuanguka.

Kitenzi chenyewe, *kulemaza*, kina jambo la kutufunza. Ni kauli ya kutendesha, na kauli hiyo humtaka mtendaji. Nani aliyeulemaza mguu? Ni kiharusi, kabla gango halijaingia nyumbani. Msuli ulikuwa umekwisha kukosa amri kutoka ubongoni. Gango lilikuta maafa yamekwisha kutokea, nalo likabebeshwa lawama, sawa na mtu aliyefika kuuzima moto akashitakiwa kuwa ndiye aliyeuwasha.

Sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni pekee. Nina mjomba wangu aliyefundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kikamwachia mguu wa kulia unaoburura na maneno machache yanayotoka kwa kusukumwa. Hospitali moja ilimpa gango pamoja na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Mjomba alikifundisha Kiingereza ujanani mwake, lakini siku hizo herufi zilikuwa zikimkimbia. Mkaza mjomba alipouliza kifaa kile ni cha nini, alijibiwa kwa mkato: "Atavaa tu." Jirani ndiye aliyekuwa na muda wa kueleza, na maelezo yake yalikuwa ile kauli tunayoijadili. Gango likaenda uvunguni.

Miezi minne baadaye mjomba alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni, akaanguka na kuvunjika mkono wa kushoto, ule pekee uliokuwa mzima. Kwa wiki sita hakuweza kujilisha. Tulimpeleka kwa mtaalamu mwingine wa tiba ya viungo, binti mmoja mpole aliyemwamkia shikamoo, akamwita Mwalimu, akaketi naye kwenye benchi na kumweleza kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi fupi, huku akimgusa muundi na kumwonyesha kila msuli na kazi yake. Hakutumia zaidi ya robo saa. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia na kusema kwa taabu: "Mpwa wangu, mbona... hawakusema?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Mbona hawakusema? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvikabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Viweke vifungu hivyo vitatu pamoja, msomaji, uone. Kumpa mgonjwa gango bila kumpa maelezo kwa lugha anayoielewa ni kumpa nusu ya haki yake. Na nusu ya gango haishikilii mguu.

Wapo watakaopinga na kusema kwamba tiba haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili, ati kwa kuwa istilahi hazipo. Pingamizi hili ni kongwe na limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Aidha, katika makala haya nimeutaja muundi, kisigino, shavu la mguu, wayo, nyonga na kifundo. Maneno hayo yote yalikuwapo kabla ya babu zetu kuzaliwa. Kilichokosekana ni nia ya kuyatumia. Nakiri kwamba neno *mguu* lina utata, kwa kuwa hutumiwa kwa kiungo chote kuanzia pajani hadi vidoleni. Hiyo ni sababu ya kuwafundisha watu neno *wayo*, wala si sababu ya kuiacha lugha.

Wengine watasema kwamba madaktari na wauguzi wana kazi nyingi na wagonjwa wamefurika. Hilo ni kweli, na sitawatupia lawama watu wanaohudumia mamia kwa mikono miwili. Lakini robo saa ya maelezo ingaliokoa wiki sita za mkono uliovunjika, pamoja na kitanda na plasta iliyotumika. Karatasi ya maelezo huandikwa mara moja ikatumika mara elfu. Ufa huo ni mdogo, na tusipouziba tutajenga ukuta.

Na maelezo hayo yaseme nini? Kwanza, yaseme kweli yote. Gango haliponyi kiharusi. Huusaidia mwendo wakati limevaliwa. Si kila aliyepatwa na kiharusi analihitaji, na gango gumu kupita kiasi huweza kumzuia mtu ambaye kifundo chake bado kina nguvu. Hupunguza ule msukumo wa mwisho wa wayo, na huzuia kifundo kukunjika. Kwa hiyo huleta tabu kupanda ngazi, kuchutama chooni na kusujudu. Mambo haya ni ya kila siku katika nyumba zetu, na mgonjwa hana budi kumweleza fundi ili atafutiwe aina inayomfaa, pengine ile yenye bawaba.

Pili, yaeleze matunzo. Gango halivaliwi kwa ndara wala peku, kwa sababu plastiki huteleza sakafuni. Hutaka soksi na kiatu chenye kufungwa, kikubwa kiasi cha kulipokea. Ngozi ikaguliwe kila jioni, kwa maana kiharusi huweza kuondoa hisia, na kidonda kikaanza bila mwenyewe kuhisi. Alama nyekundu isiyotoweka nusu saa baada ya gango kuvuliwa ni ishara kwamba fundi aitwe alirekebishe.

Tatu, yaseme kwamba gango na mazoezi ni ndugu, si mahasimu. Ile tahadhari ya Hesse jibu lake ni kuutengea msuli wa muundi saa yake ya kazi: mgonjwa akae kitini, alivue gango, ajaribu kuuinua wayo mara kadhaa, ainyooshe misuli ya shavu la mguu, yote chini ya uongozi wa mtaalamu. Iko pia mbinu ya kuuamsha msuli kwa umeme mdogo, ambayo Wladimir Liberson na wenzake waliieleza nchini Marekani tangu mwaka 1961. Gango ni la safari. Mazoezi ni ya shule. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa aache kupanda matatu kwenda shuleni eti asije akasahau kutembea.

Sasa niwageukie walimu na wanafunzi, maana ndio wasomaji wa ukurasa huu. Mwalimu wa Kiswahili, unapotafuta kifungu cha ufahamu, usiishie kwenye hadithi za sungura na fisi. Wape wanafunzi maelezo ya dawa ama ya kifaa cha tiba, uwaambie wayaandike upya kwa Kiswahili ambacho nyanya zao watakielewa. Hapo watajifunza tafsiri, ufupisho na utu kwa mpigo mmoja. Mwalimu wa biolojia, unapoufundisha msuli, mtaje kwa jina lake la Kiswahili pia. Mwanafunzi wa chuo kikuu unayetafuta mada ya tasnifu, nenda katika kliniki, uyasikilize mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu, utuambie ni wapi maana inapopotea. Nawe unayesomea utaalamu wa viungo katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, jua kwamba kazi yako ya kulifinyanga gango haijakamilika mpaka umelieleza. Ulimi wako ni chombo cha kazi sawa na msumeno na tanuri lako.

Na nyumbani je? Kila mmoja wetu ana mzee anayemjua anayeburura mguu. Mwulize kwa heshima kama alipewa gango, na liko wapi. Likiwa uvunguni, usimgombeze. Lifute vumbi, umpeleke kwa aliyelitengeneza likaguliwe upya kama bado linamkaa, kisha umweleze tofauti baina ya msuli unaopumzika na msuli uliolemaa. Mtu aliyefundisha vizazi vitatu kusoma anastahili kufika mlangoni pake bila kuanguka. Anastahili pia kuambiwa, kwa lugha yake, kwa nini kile alichopewa kitamsaidia kufika.